Minyoo wa matamvua ya sato: ni Gyrodactylus, Dactylogyrus, Cichlidogyrus au Scutogyrus?

Vifaranga vya sato vikianza kujisugua kwenye wavu wa kizimba, kutoa ute mwingi na kuja juu kuhema, mtu wa kwanza utakayemuuliza atakwambia "hao wana minyoo". Mara nyingi atakuwa amesema kweli, ila hajakusaidia. Minyoo bapa wanaong'ang'ania ngozi na matamvua ya samaki wetu ni wa aina nyingi. Kwa macho matupu wote ni vinyuzi vyeupe visivyofika milimita moja, na hata chini ya hadubini mtu asiyewazoea huwaona ni walewale. Lakini mmoja anazaa na mwingine anataga, na dawa inayoweza kummaliza wa kwanza kwa mkupuo mmoja itamwacha wa pili na mayai yake salama, akurudie baada ya siku chache.

Nawalinganisha wanne wanaochanganywa zaidi kwa mtu anayepima sato na perege wengine: Gyrodactylus, Dactylogyrus, Cichlidogyrus na Scutogyrus. Kambale ana wa kwake, nitamgusia kwa ufupi mbele. Wote wanne ni wa kundi la Monojenea, minyoo bapa ambao hawahitaji konokono wala ndege ili kukamilisha maisha yao. Wanatoka samaki mmoja kwenda mwingine basi. Na wote hujishikiza kwa kishikizo kilicho nyuma ya mwili, chenye kulabu ngumu. Hicho kishikizo, ambacho wataalamu hukiita hapta, ndicho kitambulisho chao. Mwili uliobaki ni laini, unajikunja na kujinyoosha, na hauaminiki sana.

Namna ya kumweka mnyoo aonekane

Tumia samaki aliye hai au aliyeuawa muda huohuo. Aliyekufa tangu alfajiri, minyoo wake wengi wameshadondoka na waliobaki wameanza kuoza. Kata kifuniko cha matamvua kwa mkasi, toa matao ya matamvua moja moja, yaweke kwenye kisahani chenye maji safi na uyapekue kwa sindano nyembamba chini ya hadubini ya kupasulia. Mnyoo utamjua kwa mwendo: anajinyoosha, anapapasa kwa kichwa, anajirudisha, huku sehemu ya nyuma haibanduki.

Mbandue taratibu kuanzia kwenye kishikizo, maana ukimvuta kichwa kulabu hubaki kwenye tamvua na wewe unabaki na mwili usiokwambia kitu. Mweke kwenye slaidi na tone dogo la maji, funika kwa kioo chembamba. Hapa ndipo penye kazi yenyewe: gusisha ncha ya karatasi ya shashi pembeni mwa kioo, maji yanyonywe kidogo kidogo huku unatazama. Kioo kinashuka, mnyoo anabanwa, mwili unakuwa kama utando, na kulabu zilizokuwa zimerundikana zinalala ubavu moja baada ya nyingine. Ukinyonya maji mengi kupita kiasi anapasuka, na kulabu zinatawanyika. Ukinyonya kidogo mno zinasimama wima na hutaona umbo lake. Wenye nia ya kuhifadhi slaidi huingiza pembeni tone la mchanganyiko wa gliserini na pikrati ya amonia, ambao unaufanya mwili uwe wazi na kuacha sehemu ngumu zionekane vizuri.

Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha kujibu maswali mawili ya kwanza. Kuhesabu vikulabu vya pembezoni kunataka lenzi ya 40. Kutofautisha spishi kunataka lenzi ya 100 na tone la mafuta yake.

Swali la kwanza: tumboni mna nini?

Anza na katikati ya mwili, kabla ya kulabu. Ukiona ndani ya mnyoo kuna seti nyingine kamili ya kulabu, zimekunjwa na kuelekea upande wowote, basi umekwisha: huyo ni wa familia ya Gyrodactylus. Hatagi, anazaa. Mtoto huzaliwa akiwa karibu na ukubwa wa mama yake, na mara nyingi mtoto aliye tumboni naye ana kiinitete chake ndani. Ukitazama vizuri unahesabu vizazi vitatu kwenye mwili mmoja. Kwa sababu hiyo samaki mmoja aliyeingizwa bwawani na minyoo wachache anaweza kujaa minyoo kabla mfugaji hajashtuka.

Tahadhari moja. Aliyetoka kuzaa anaweza asionyeshe kiinitete chenye kulabu, kwa kuwa kinachofuata bado ni mpira tu wa seli. Hapo nenda kwenye macho. Gyrodactylus hana madoa ya macho kabisa. Wale watatu wengine wanayo, vidoa vyeusi upande wa juu wa kichwa. Dactylogyrus ana vinne vinavyoonekana wazi. Kwa Cichlidogyrus na Scutogyrus, viwili vya nyuma ndivyo vikubwa na vina kilenzi kila kimoja. Viwili vya mbele ni vidogo na wakati mwingine havionekani, kwa hiyo usiseme "huyu ana macho mawili tu, ni jenasi (kundi la spishi ndugu) nyingine". Kwa samaki waliokaa muda mrefu kwenye fomalini rangi ya madoa inaweza kusambaa au kufifia, na hapo macho hayana ushahidi tena.

Kichwa nacho kinasaidia. Cha Gyrodactylus kimegawanyika ncha mbili wazi. Cha Dactylogyrus huonyesha ncha nne.

Swali la pili: kulabu kubwa ni jozi ngapi?

Nadhani makosa mengi ya ripoti za kwetu yanatoka hapa. Mtu anaona mnyoo kwenye matamvua, ana macho, hana mtoto tumboni, anaandika "Dactylogyrus". Amefuata vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wafugaji wa kapi wa Ulaya na Asia, ambako mnyoo wa namna hiyo kweli huwa Dactylogyrus. Lakini Dactylogyrus ni mnyoo wa samaki wa jamii ya kapi. Kwetu utamkuta kwa ningu na ndugu zake, na kwa kapi wa kufugwa. Sato, perege na sikilidi wengine, yaani samaki wa jamii ya sato, wana Cichlidogyrus. Ripoti ikisema Dactylogyrus kwenye sato, mimi huuliza kwanza kama kulabu zilihesabiwa.

Na kuhesabu si kugumu. Dactylogyrus ana jozi moja ya kulabu kubwa. Cichlidogyrus ana jozi mbili, moja upande wa mgongo na moja upande wa tumbo. Mnyoo akiwa amebanwa vizuri unaziona nne, hata kwa lenzi ya 10. Halafu tazama vifito, yaani vipande vigumu vinavyoziunganisha kulabu hizo. Cichlidogyrus ana viwili. Cha tumboni kimepinda kama herufi V. Cha mgongoni kina vichomozo viwili vilivyosimama kama masikio ya mbuzi, na ukishayaona masikio hayo mara moja huwezi kumkosea tena.

Gyrodactylus naye ana jozi moja ya kulabu kubwa, kama Dactylogyrus, hivyo mtu anayehesabu kulabu kubwa pekee atawachanganya hao wawili. Tofauti iko kwenye vikulabu vidogo vya pembezoni: Gyrodactylus ana 16, Dactylogyrus ana 14. Cichlidogyrus na Scutogyrus nao wana 14.

Kwa anayetaka kubandika ukutani karibu na hadubini:

| | Gyrodactylus | Dactylogyrus | Cichlidogyrus | Scutogyrus |
|---|---|---|---|---|
| Uzazi | anazaa | anataga | anataga | anataga |
| Madoa ya macho | hana | 4 | 2 makubwa, 2 madogo yasiyo na uhakika | kama Cichlidogyrus |
| Jozi za kulabu kubwa | 1 | 1 | 2 | 2 |
| Vikulabu vya pembezoni | 16 | 14 | 14 | 14 |
| Kifito cha mgongoni | chembamba, hakina masikio | hakina masikio | kina masikio mawili | masikio marefu yenye uwazi ndani |
| Kifito cha tumboni | kina utando mwembamba | hakipo au ni kidogo | umbo la V | kimepinda sana, kinabeba bamba pana |
| Samaki wake kwetu | wengi, sato akiwemo | ningu, kapi | sato, perege, sikilidi wengine | sato na perege |

Cichlidogyrus au Scutogyrus?

Kwa mfugaji swali hili halina uzito. Wote wanataga, wote wako kwenye matamvua, matibabu ni yaleyale. Lakini kwa mwanafunzi anayeandika ripoti ni pazuri pa kujifunzia jicho, kwa sababu hawa wawili mara nyingi hukaa kwenye tamvua moja la samaki mmoja.

Mpaka mwaka 1995 Scutogyrus hakuwa na jenasi yake. Wataalamu wa minyoo Pariselle na Euzet ndio waliomtenga na Cichlidogyrus, na sababu yao ilikuwa kishikizo. Kifito cha tumboni cha Scutogyrus kimepinda sana kama upinde na kimebeba bamba moja pana, jembamba, lililotandazwa kama kipepeo cha mkononi, lenye mistari inayosambaa kutoka katikati. Bamba hilo ni jembamba mno kiasi kwamba ukiwa na mwanga mkali hulioni. Punguza mwanga, funga kidogo mlango wa mwanga ulio chini ya meza ya hadubini, na litajitokeza. Masikio ya kifito cha mgongoni nayo ni marefu kuliko ya Cichlidogyrus wengi. Anayepatikana sana kwa sato ni Scutogyrus longicornis, ambaye watafiti Paperna na Thurston walimweleza mwaka 1969 akiwa bado anaitwa Cichlidogyrus.

Vinasaba, kwa taarifa yako, vimeonyesha kwamba Scutogyrus kwa asili ni tawi lililochipuka ndani ya Cichlidogyrus. Wanaopanga majina wana kazi mbele yao. Bamba linabaki palepale.

Ndani ya Cichlidogyrus: spishi gani?

Jenasi hii ina spishi zaidi ya 100, nyingi za Afrika, na bado zinaendelea kuelezwa. Ziwa Tanganyika peke yake limetoa nyingi, na huko mara nyingi kila aina ya samaki ina minyoo wake: mwaka 2012 zilielezwa tatu kwa mpigo (C. ni kifupi cha Cichlidogyrus), C. gistelincki, C. irenae na C. steenbergei, kila moja kwenye sikilidi tofauti. Uganda nayo ina historia yake: Paperna na Thurston walichangia kutoka huko spishi mpya mwaka huohuo wa 1969, mojawapo C. sclerosus, ambaye leo anafuatana na sato karibu kila alikopelekwa duniani.

Kwa sato wa kufugwa utakutana zaidi na C. halli, C. tilapiae, C. sclerosus na C. thurstonae. Hapa masikio na herufi V havitoshi, wote wanavyo. Kuna mahali pawili pa kutazama.

Kwanza vikulabu vya pembezoni, tena kwa jozi. Jozi ya pili haikui baada ya mnyoo kutoka kwenye yai. Inabaki na ukubwa iliokuwa nao mnyoo akiwa lava, yaani mchanga aliyetoka tu kwenye yai, maisha yote. Kwa hiyo ndiyo rula yako: iko ndani ya mnyoo yuleyule na haijali kama amebanwa sana au kidogo. Linganisha jozi ya kwanza nayo. Kwa C. halli jozi ya kwanza ni kubwa na nene, inatokeza wazi kati ya wenzake. Kwa C. tilapiae vikulabu vyote ni vidogo, hakuna jozi inayokuvuta jicho. Hao wawili wakiwa kwenye slaidi moja hutahitaji hata kupima.

Pili, uume. Minyoo hawa ni dume na jike kwa mwili mmoja, na uume wao ni mrija mgumu wenye kipande cha ziada pembeni, uko kati ya kichwa na katikati ya mwili. Umbo lake ndilo linaloamua spishi kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa unabadilika kutoka spishi hadi spishi hata pale vishikizo vinapofanana. C. cirratus, kwa mfano, ana mrija mwembamba uliojizungusha. Ukiona mzunguko huo usimwite C. halli hata kama vingine vyote vinakushawishi. Chora unachokiona, hata kama hujui kuchora, kabla ya kufungua picha za kitabu. Ukifungua kitabu kwanza utaona uume uliochorwa mule, na ule ulio kwenye slaidi yako utausahau.

Gyrodactylus hukataa njia hii. Uume wake ni kivimbe cha mviringo chenye vijimiba, na hujitokeza baada ya kuzaa mara ya kwanza, kwa hiyo kutokuwepo kwake hakumfanyi kuwa spishi nyingine. Spishi za Gyrodactylus hutenganishwa kwa umbo la kikulabu cha pembezoni, hasa sehemu yake iliyopinda kama mundu, na hiyo ni ya maikromita chache tu. Anayesumbua vifaranga vya sato kuliko wengine ni Gyrodactylus cichlidarum, aliyeelezwa na Paperna mwaka 1968 kutoka Ghana.

Vinavyodanganya

Mahali alipokutwa ni dokezo tu. Ni kweli Gyrodactylus hupenda ngozi na mapezi, na Cichlidogyrus hupenda matamvua, lakini Gyrodactylus hupatikana kwenye matamvua pia, na mnyoo yeyote aliyebanduliwa huweza kuelea kwenye kisahani chako na kutua pasipo kwake. Hata tumboni usishangae: Enterogyrus, ndugu wa Cichlidogyrus, huishi ndani ya tumbo la chakula la sikilidi.

Urefu wa mwili usiutegemee. Mnyoo mmoja anajinyoosha mara mbili ya alivyokuwa dakika iliyopita. Na hata sehemu ngumu, ambazo ndizo nguzo yetu, zina kikomo: kulabu za Gyrodactylus waliokulia kwenye maji ya baridi huwa kubwa kuliko za wenzao wa maji ya joto, spishi ikiwa ileile. Mtu wa Mbeya na mtu wa Mwanza wanaweza kupima mnyoo mmoja wakapata namba mbili. Ndiyo maana umbo linatangulia kipimo.

Ugumu huu si wa kitaaluma tu. Norway iligundua Gyrodactylus salaris kwenye mito yake mwaka 1975, na mnyoo huyo akaangamiza vijana wa samoni katika mito mingi, mpaka mingine ikabidi itiwe sumu ya rotenoni kuua kila samaki na kuanza upya. Samoni wa upande wa Baltiki wanavumiliana naye. Ana pacha wake, G. thymalli, anayeishi kwa samaki mwingine na ambaye kwa kulabu wanakaribia kutotofautishika, wataalamu wenyewe wakibishana kama ni wawili au mmoja. Hapo hadubini imefika mwisho wake na kazi ni ya vinasaba.

Usimame wapi?

Mwenye vizimba na vifaranga vinavyokufa anahitaji kujua kitu kimoja: anazaa au anataga. Kama ni Gyrodactylus, hakuna mayai ya kujificha. Mwogesho mmoja uliofanyika sawasawa unaweza kutosha, na kinachobaki ni kupunguza msongamano, maana anahama kwa samaki kugusana. Kama ni Cichlidogyrus au Scutogyrus, yai lina ganda ambalo dawa za kuogeshea hazilipenyi vizuri, iwe fomalini au pamanganeti. Utaua wakubwa leo, mayai yatatotoa, na lava watatafuta matamvua. Lazima urudie, na muda wa kurudia unategemea joto la maji yako: maji yakiwa ya moto mayai hutotoa upesi, kwa hiyo usingoje. Dozi ipange na daktari wa samaki, kwa sababu fomalini inapunguza hewa ya oksijeni majini na vifaranga wenye matamvua yaliyoharibika ndio wa kwanza kuzidiwa.

Kufika kwenye spishi ni kwa anayehamisha samaki, na hapo sikubaliani na wanaosema ni anasa ya chuo. Sato aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na hakuja peke yake. Madagaska, minyoo wa perege walioletwa kutoka bara wamekutwa kwenye sikilidi wenyeji wa kisiwa, ambao hawapo mahali pengine popote duniani. Anayetaka kupeleka vifaranga kwenye bwawa au ziwa lenye perege wake wa asili ajue anapeleka mnyoo gani.

Kambale

Sheria ya uzazi inafanya kazi kwake vilevile. Anayezaa na ni mkubwa, wa kuonekana hata bila hadubini ukiwa na jicho zuri, ni Macrogyrodactylus: M. clarii hukaa kwenye matamvua, M. congolensis kwenye ngozi. Anayezaa lakini mdogo ni Gyrodactylus wa kawaida. Anayetaga, mwenye jozi mbili za kulabu kubwa, ni Quadriacanthus. Usimwite Cichlidogyrus kwa sababu tu jozi ni mbili. Hana masikio, kifito chake cha mgongoni kina kichomozo kimoja katikati kinachoelekea nyuma, na cha tumboni ni vipande viwili vilivyokutana.

Ukishindwa, peleka

Taasisi za utafiti wa uvuvi, TAFIRI kwa Tanzania, KMFRI kwa Kenya na NaFIRRI kule Jinja, Uganda, ni mahali pa kuanzia, na vyuo vyenye idara za samaki pia. Hifadhi baadhi ya matamvua kwenye ethanoli kali, ya asilimia 96 ukiipata, kwa ajili ya vinasaba, maana fomalini inaviharibu. Mengine yaweke kwenye fomalini ya asilimia 4 kwa ajili ya umbo. Matamvua ya kila samaki yakae kwenye chupa yake, usichanganye sato na ningu. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ngumu na kiingie ndani ya chupa pamoja na tamvua: aina ya samaki, bwawa au kizimba, tarehe, joto la maji. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli, na chupa isiyo na jina la samaki itamnyima mtaalamu nusu ya jibu.